Kijiko cha Baba na Chumvi ya Fundi Ramazani

Siku ile sokoni Mutakura tulikuwapo hawa: mimi, nyuma ya gunia langu la chumvi, mdogo wangu Kassimu, aliyekuwa ameniletea maji ya kunywa, Mwajuma, kitinda mimba wetu, aliyelala chini ya meza, Mama Evelina, muuza ndagala, yaani dagaa, wa meza ya jirani, Fundi Ramazani, mkereza vyuma na rafiki wa marehemu baba yetu, aliyekuja na kopo lake kununua chumvi, mwanamume tuliyemwita Shefu, na vijana wake wawili wenye bunduki, ambao majina yao sikuyajua na sikutaka kuyajua. Nawataja wote mapema kwa sababu baadaye nusu ya Mutakura ilidai ilikuwapo, na siku yenyewe nusu hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya mabanda. Tuliokuwapo ni sisi. Wengine walisimuliwa.

Jambo hili limenirudia kwa njia ya pua. Juzi Mwajuma, ambaye sasa ni mama wa watu, alikuja kwangu akaona sinia langu la shaba limefifia. Akakata ndimu, akachota pumba za mpunga, akaanza kulisugua uani huku akiongea habari zake. Harufu ilipopanda nilishika mwimo wa mlango. Yeye hakumbuki chochote. Mimi nakumbuka kwamba harufu ile, ya ndimu na shaba na pumba, ilikuwa harufu ya baba yangu akiwa kazini, na kwamba kazi yenyewe ilikuwa bunduki.

Baba hakuwa askari, wala hakuwa mwindaji. Alikuwa fundi wa gereji. Kabla ya vita, mgeni mmoja aliyelima upande wa Kajaga alimwomba amtengenezee bunduki ya kufukuzia viboko waliokuwa wakipanda kutoka majini na kula mashamba yake. Alitaka bunduki inayojipakia yenyewe, maana kiboko hamngoji mtu akipapasa mfuko. Mgeni alikuwa na mtutu wa bunduki moja kuukuu na mfuko mzima wa maganda ya risasi za bunduki nyingine, na viwili hivyo havikuoana hata kidogo. Baba alisema vitaoana. Fundi Ramazani akauchonga upya ule mtutu kwenye mashine yake ya kukereza, naye Baba akatengeneza kalibu ya chuma ya kuyabana maganda shingoni mpaka yakaingia. Kwa hiyo bunduki ile ilikula risasi ambayo haikuwa na duka popote duniani. Kila risasi yake ilizaliwa mezani kwetu, Buterere, juu ya meza ambayo miguu yake ilisimama kwenye matofali kwa sababu ya mafuriko.

Vita vilipoanza mgeni akaondoka, akaiacha bunduki. Baba aliiweka darini, akiitoa pale tu viboko walipoingia kwenye mpunga wa majirani. Viboko hawakujua kwamba kuna vita.

Mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Maganda yaliyokwisha kupigwa niliyaokota topeni, nikayatia kwenye gunia dogo pamoja na pumba na maji ya ndimu, nikalitikisa gunia hilo mpaka mabega yakauma na maganda yakatoka yaking'aa kama meno ya dhahabu. Baba aliyapaka mafuta ya kondoo, akayaingiza kwenye kalibu, akavuta mkono wa chuma, nayo yakalia kidogo, mlio wa panya aliyebanwa. Mwisho kabisa ilikuja baruti. Baba hakuwa na mizani ya kuipimia. Alikuwa na kijiko alichokitengeneza mwenyewe kwa kulikata ganda moja na kulichomelea mpini wa waya. Alijaza kijiko, kisha akapitisha ukingo wa karata moja kuukuu juu yake, na chembe zote zilizozidi zikarudi kwenye kopo.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipokwama. Mimi nilikuwa mtoto wa sokoni. Marehemu mama aliuza chumvi na karanga Mutakura, na tangu nikinyonya nilijua kwamba kipimo ni kilima. Unajaza kijiko mpaka kiwe na kichwa, unamimina, halafu unaongeza nyongeza kwa vidole, kidogo tu, ili mteja aondoke akijua amependwa. Muuzaji anayekata kipimo kwa karata hapati mteja wa pili, na watoto wake huitwa watoto wa mchoyo. Basi nilimwonea bunduki huruma.

Nikamwambia, "Baba, mbona unaipunja?"

Baba akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema, "Uyu hapewi nyongeza, mama. Ukimupa nyongeza, anakurudishia usoni."

Nilielewa kwamba bunduki haina adabu. Nilijua watu wa namna hiyo. Tulikuwa na shangazi mmoja ambaye ukimwongezea mchuzi anakutukana kwamba umemwona ana njaa. Kwa miaka nikaamini kwamba kule darini analala mgeni mwenye kiburi, anayekula kwa kipimo na kukasirikia ukarimu. Nilipopita chini yake nilitembea taratibu. Mengine yote aliyonieleza Baba kuhusu chuma na moto yalinipita. Hilo la shangazi lilibaki.

Mama alifariki kwa kumzaa Mwajuma. Baba alifariki baadaye, ndani ya basi lililoshambuliwa akirudi mjini. Tuliporudi kutoka makaburini nilivua sare ya shule, nikaikunja, na sikuivaa tena. Sikulia kwa ajili ya shule. Kulikuwa na watoto wawili wa kulishwa na gunia la chumvi la mama lilikuwa bado pembeni ya mlango. Nilichukua kijiko cha baruti, nikakisugua kwa majivu, nikakichemsha, nikakifanya kipimo changu. Kilikuwa kizuri mkononi.

Haikupita muda Shefu akaja nyumbani na watu wake. Watu huniuliza walikuwa wa upande gani. Sisemi. Anayeuliza swali hilo kabla hajauliza walifanya nini, namjua tayari. Walipanda darini wakaichukua bunduki. Walibeba kalibu, maganda na kopo la baruti, wakapekua hata chini ya magodoro. Kijiko kilikuwa jikoni ndani ya kopo la chumvi, na sijaona bado mwanamume mwenye silaha anayekwenda kutafuta kitu jikoni.

Sasa nirudi sokoni.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya mabati. Fundi Ramazani alikuwa amefika muda huohuo na kuanza maneno yake. Alikuwa mgane, mfupi, mwenye kucha nyeusi kwa grisi, na kila alipokuja kununua alilalamika.

Akasema, "Chumvi yako ya juzi ilikuwa na muchanga. Nimepika maharagi, nimetafuna barabara."

Nikamjibu, "Mzee, ule muchanga ni wa kwako. Unapikaka nje karibu na mashine."

Mama Evelina akadakia, "Aoe, atapata wa kumuchagulia muchanga."

Tulikuwa tunacheka hivyo wakati Shefu aliposimama mbele ya gunia langu. Kicheko cha sokoni kina namna yake ya kufa, huanzia mbali. Tulikuwa wa mwisho kunyamaza.

Shefu akasema, "Mutoto wa fundi. Biashara?"

"Iko tu, Shefu."

"Bunduki ya baba yako inanisumbua. Inapiga moja, inakwama. Tunaifungua, inapiga moja, inakwama. Kama bibi mwenye kununa."

Mama Evelina akawaambia ndagala zake, bila kuinua macho, "Mwenye kuoa kwa nguvu asilalamike."

Kijana mmoja akamgeukia. Shefu akamzuia kwa mkono. Alikuwa mtu mtulivu, na utulivu wake ndio uliotisha.

Akaniuliza, "Baba yako alikuwa anaweka baruti kiasi gani?"

Nikasema, "Mi nauzaka chumvi."

Akainama, akakitoa kijiko kwenye gunia langu. Nadhani alitaka tu kuchezea kitu mkononi. Lakini alikigeuza, akakiona kitako chake, kile kitako cha ganda chenye alama zilezile zilizokuwa kwenye maganda aliyoyachukua kwetu. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakichovya kwenye chumvi na kukiinua kama anavyofanya kila mtu aliyezaliwa karibu na soko, kikiwa na kilima kizuri, cheupe, kilichochongoka.

"Voilà," akasema. "Kumbe kipimo kilikuwa hapa."

Hakuna aliyemfundisha kosa lile. Hata mimi ningelifanya, kama nisingemwona Baba na karata yake. Hakuna mtu wa kwetu anayeinua kijiko na kukiona kimejaa kabla hakijapata kichwa.

Hapo Kassimu akasogea. Alikuwa ameanza kubadilika sauti mwaka ule, na tumbo lake lilikuwa tupu kila siku. Nilikuwa nimekwisha kumwona mara kadhaa akisimama karibu na vijana wale, akiangalia viatu vyao.

Akasema, "Dada, ni bunduki ya Baba."

Shefu akatabasamu. "Umesikia mwanaume? Petit, mudogo, njoo. Tutajaza leo, na we ndiye utapiga ya kwanza. Ni haki yako. Mutoto wa mwenye bunduki."

Kassimu akavuta pumzi, kifua kikapanda. Nilimwona akifurahi. Nawaambia wenzangu mnaosoma, mliokuwa wakubwa kwa wadogo zenu miaka ile, hakuna kinachotisha kama kumwona mtoto wako akifurahi mahali pasipofaa.

Na hapo, juu ya chumvi, nikamwelewa Baba. Si shangazi, si kiburi. *Anakurudishia usoni.* Kijiko kile chenye kilima, kikimiminwa baruti, kingerudi usoni mwa atakayepiga ya kwanza, na uso huo ulikuwa wa Kassimu. Nikinyamaza, nitamzika. Nikisema ukweli, kwamba kipimo hukatwa kwa karata, bunduki itapona, naye Kassimu ataibeba mpaka kwenye milango ya watu. Nilikuwa na umri wa kusukwa nywele na mama, na nilipewa hayo mawili nichague moja.

Nilimtazama Fundi Ramazani. Yeye alijua, ndiye aliyeuchonga mtutu. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Alinyoosha kopo lake mbele ya Shefu na kusema kwa sauti yake ileile ya malalamiko:

"Shefu, pardon. Mi nilikuwa wa kwanza hapa. Mutoto anipimie kwanza niende zangu, maharagi iko kwenye moto. Vita itangoja."

Shefu akacheka. Watu wenye nguvu hupenda wazee wa kuwachekesha. Akanirudishia kijiko. "Mupimie mzee wako."

Nikampimia. Nilijaza kijiko kikawa na kilima, nikamimina kwenye kopo.  Baada ya hapo ilibaki nyongeza. Badala ya kuchukua nyongeza nilikilaza kijiko juu ya kipande cha reli ambacho Mama Evelina alitumia kuwekea jiko lake, nikashika jiwe lake la mizani, lile la chuma, la kilo nzima, nikakipiga. Shaba ni laini. Kilibonyea mara ya kwanza tu. Nikaendelea kupiga mpaka kikawa kama jani.

Soko zima lilinisikia nikipiga.

Kijana wa kulia alinipiga bega kwa kitako cha bunduki nikaanguka juu ya gunia. Bega hilo linanitabiria mvua hadi leo. Mwajuma aliamka akaanza kulia. Shefu hakunigusa. Aliuliza tu, pole pole:

"Unajua umeharibu nini?"

Nikasema, chumvi ikiwa mdomoni, "Najua. Nimeharibu kijiko changu cha chumvi."

"Yako?"

"Yangu. Baba alikufa, nikakirithi. Vingine mulichukua. Hiki amukuchukua."

 Akamwonyesha Kassimu kwa kidole. "Basi uyu atakuja kukitengeneza kingine. Alikuwa anaonaka baba yake."

Mama Evelina alikuwa amekwisha kumshika Kassimu mkanda kwa nyuma. Alikuwa mwanamke mnene, na alipokaa kwenye kigoda chake akiwa ameushika mkanda ule, Kassimu alilazimika kukaa pia, miguu mbele, kama mbuzi wa kuuzwa.

Fundi Ramazani akafunika kopo lake kwa kifuniko. Akakohoa.

"Uyu?" akasema. "Uyu ata panchari ya baiskeli anaomba saidia. Shefu, usinichekeshe. Mi ndiye nilikereza ule mututu wa bunduki. Tumbo ya kitu anaijua mwenye kuichonga. Unataka kipimo, utabeba fundi. Utabeba mutoto, utabeba mudomo wa kula."

Shefu akamwambia, "Mzee, we utafia njiani."

"Nikifia njiani utanibeba. Na mashine yangu pia utaibeba, iko na uzito kunipita."

Shefu alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama ile shaba iliyobonyea. Alikuwa anafanya hesabu yake. Mwishowe akaashiria kwa kidevu, na vijana wakamweka mzee katikati yao. Kabla hajaondoka, Fundi Ramazani aliliweka kopo lake mezani kwangu.

"Iwekee kivuli," akaniambia. "Nitakuja kuichukua. Na nyongeza hukunipa, nimeona. Muchoyo kama baba yako."

Wakaenda naye upande wa barabara kubwa. Alikuwa bado anaongea. Tuliisikia sauti yake ikilalamikia mwendo wao, kwamba vijana wa siku hizi wanatembea kama wamemeza fimbo, mpaka ikapotea.

Kassimu hakunisemesha mpaka mpunga wa Buterere ulipovunwa. Alikula chakula changu akiwa amegeukia ukuta. Nilimwachia ukuta wake. Jioni aliporudi alikuta sahani, na asubuhi nilimwamsha kwenda kubeba mifuko ya watu sokoni, na siku alipotoroka kwenda kuwatafuta vijana wale nilimfuata kwa miguu, bega likiwa limefungwa kitambaa, nikamkuta kwenye daraja, nikakaa chini mbele yake.  Alinizunguka, nikahama. Watu walitucheka. Mwishowe akarudi nami.

Habari za mzee tulizipata kwa wauza samaki wa Kajaga. Walisema kuna mzee huko anawatesa watu wa Shefu. Leo anataka tupa ndogo, wanamtafutia. Kesho anasema tupa hii ni ya mbao. Akipewa shaba anasema ni chafu, waisugue kwa ndimu, na ndimu ziwe za kijani. Kila akiulizwa lini, anajibu inshallah. Mama Evelina alicheka akisikia hayo hadi akajifuta macho kwa khanga, na sikujua ni machozi ya nini. Mimi niliijua sauti ya bunduki ya Baba kama mnavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nililala nikiitegea sikio, miezi na miezi, milio ya kila namna ikipita juu ya Buterere. Ile haikulia tena.

Baadaye waliondoka Kajaga na hatukusikia kitu. Mmoja alisema mzee alivuka mpaka akaenda Uvira na anakereza vyuma huko. Mwingine alisema alimwona amezikwa. Wote wawili waliapa.

Kuna watu, na wengine ni wa ukoo wangu, wanaosema nilimponza. Wanasema ningemwambia Shefu kipimo, mzee angekunywa chai kwake siku ile, na vita vingekuwa vilevile. Nimewasikiliza. Nimewapikia hata pilau huku wakinisema. Jibu langu ni kwamba kijiko kilikuwa changu, na kingekuja mikononi mwangu leo ningekipiga tena. Kassimu ana watoto. Mkubwa wao amefika darasa nililoliacha, amelipita, na akisoma kwa sauti baba yake hutoka nje kusimama uani. Siku moja tu Kassimu aliwahi kuligusia jambo hili. Aliniambia, "Dada, lile bega," halafu akanywa maji.

Na kopo la Fundi Ramazani ninalo. Liko kivulini kama alivyoagiza, juu ya kabati, watoto hawaligusi. Masika chumvi hunyonya unyevu, nami huimwaga, nikaweka nyingine kavu, kijiko kimoja chenye kilima, kama ilivyokuwa. Siongezi. Kilima nilimpa mwenyewe mkononi. Nyongeza bado ananidai.